Kabla ya Kujiunga na Klabu ya Kujitolea, Ulizia Mradi wa Mwaka Juzi

Watu wanaotaka kujiunga na klabu za kujitolea, ziwe za Rotary, Lions, Kiwanis au kikundi kidogo ambacho hakijulikani nje ya mtaa wake, huniuliza mara kwa mara wachague ipi, na mimi huwajibu kwa kuwapa swali moja la kwenda nalo. Nenda ukiwa mgeni, huwaambia, usikilize kikao chote mpaka kengele ya kufunga, na watu wanaposimama kuagana, mwulize mwanachama aliye karibu nawe: ule mradi wenu wa mwaka juzi unaendeleaje? Usiulizie wa mwaka huu, kwa sababu huo una bango, una picha, una hotuba, na kila mtu ameshaukariri. Wa mwaka juzi hauna wa kuupamba.

Swali hilo nililipata kwa aibu, katika mwaka wangu wa tatu wa uanachama. Klabu yetu ilikuwa imeamua kukusanya miwani iliyotumika ili igawiwe wasio na uwezo wa kununua. Wazo lenyewe lina historia ya heshima. Mwaka 1925 Helen Keller, ambaye hakuwa akiona wala kusikia, alihutubia mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa watu wasioona, na tangu hapo huduma ya macho imekuwa alama ya klabu hizo. Ukusanyaji wa miwani ya zamani ni mojawapo ya kazi zinazojulikana zaidi. Sisi tuliiga bila kuuliza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Tuliweka masanduku maofisini, tukapata miwani 640, tukaipeleka kwenye kliniki ya macho, tukapiga picha na wauguzi, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Miezi 14 baadaye nilipita pale kwa shughuli zangu nyingine, nikamkuta muuguzi mmoja aliyekuwepo siku ile, nikamwuliza miwani yetu ilifika wapi. Hakujibu. Alichukua ufunguo, akanipeleka stoo, akavuta sanduku lenye jina la klabu yetu ubavuni. Miwani ilikuwa imesukwa kama kamba, mkono wa huu umepenya kwenye fremu ya ule. Alitoa mmoja ambao lenzi ya kushoto haikuwepo, akatoa wa pili uliokwaruzika hadi ukawa kama kioo cha bafuni, kisha akatoa wa tatu, mzuri, wa gharama, akaufuta kwa pindo la koti lake na kuuweka kwenye kifaa cha kupimia nguvu ya lenzi. Akaniita nichungulie. Jicho la kulia lilikuwa na namba moja, la kushoto namba nyingine kabisa, na lenzi ilikuwa imechongwa kwa mshazari wa macho ya mtu mmoja tu duniani. “Huyu nitampata wapi?” akaniuliza.

Alieleza kwa upole kwamba yeye na mwenzake walikaa jioni za wiki mbili wakichambua, wakapata miwani 71 ya kufaa. Wengi wa wanaofika pale wamevuka miaka 40, na wanachohitaji ni miwani ya kawaida ya kusomea, ambayo huuzwa ikiwa tayari kwa bei nafuu na macho yote mawili yana namba ileile. Wengine wana mtoto wa jicho, ambaye hatolewi kwa miwani bali kwa upasuaji, na kinachowakwamisha ni nauli ya kufika hospitali na mtu wa kuwasindikiza. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia siku ile. Akasema hatukumwuliza, na kwamba tulikuwa na haraka ya picha. Methali yetu inasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami naiamini, ila moyo haupimi nguvu ya lenzi.

Niliporudi na habari hiyo kwenye klabu, hakuna aliyenikatalia, na hakuna aliyejua ni nani wa kuipokea. Rais aliyeanzisha mradi alikuwa amemaliza muda wake, na rais mpya alikuwa na mradi wake wa miti. Hapo ndipo nilipoelewa udhaifu mkubwa wa klabu hizi, ambao umo katika muundo wake. Katika Rotary na Lions mwaka wa klabu huanza tarehe 1 Julai, na kwa kawaida rais wa klabu huongoza mwaka mmoja. Utaratibu huo una faida zake: unazuia mtu mmoja kuifanya klabu kuwa mali yake, na unawapa wengi nafasi ya kujifunza uongozi. Lakini mtu anayejua kwamba ana miezi 12 tu huchagua kazi itakayokamilika ndani ya miezi 12, na hutaka iwe yake, yenye jina jipya. Miti yetu, kwa taarifa, ilikauka mingi, kwa kuwa rais aliyefuata alipenda madawati.

Simlaumu rais yeyote hapa, maana baadaye nami nilishika nafasi hiyo na nikaonja kishawishi chenyewe. Ninachosema ni kwamba klabu nzuri ni ile iliyotafuta njia ya kuushinda ufupi wa mwaka wake. Mfano mkubwa kuliko yote uko ndani ya Rotary yenyewe. Mwaka 1979 shirika hilo lilianza mradi wa kuchanja takriban watoto milioni 6 dhidi ya polio nchini Ufilipino. Mwaka 1985 likautanua kuwa mpango wa dunia, na mwaka 1988 likaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa katika juhudi za kutokomeza ugonjwa huo. Wakati huo polio ilikuwa ikipooza watu wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Idadi hiyo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru na virusi asilia vya polio mnamo Agosti 2020, na nchi mbili tu, Afghanistan na Pakistan, ndizo ambazo maambukizi ya virusi hivyo hayajawahi kukatizwa. Ukumbuke kwamba hata rais wa Rotary wa dunia nzima hukaa mwaka mmoja. Zaidi ya marais 40 wamepokezana kazi ileile, kila mmoja akiikuta haijaisha na kuiacha haijaisha. Kiwanis nao, walipoungana na UNICEF katika miaka ya 1990 kupambana na upungufu wa madini joto unaosababisha rovu na kudumaza akili za watoto, walichagua jambo lisilopendeza kwenye picha hata kidogo: kuhakikisha chumvi inayouzwa ina madini hayo.

Kwa hiyo unapokwenda kama mgeni, usitosheke na kikao kimoja. Nenda mara tatu. Mara ya kwanza watakuonyesha mema yao, mara ya pili watakuzoea, mara ya tatu utasikia wanavyobishana kuhusu fedha, na hapo ndipo pa kutega sikio. Uliza kama michango ya umma huwekwa kwenye akaunti tofauti na ada za wanachama. Klabu iliyo makini hugharamia ukumbi, chai na barua zake kwa ada zake yenyewe, na fedha iliyotolewa na wananchi kwa ajili ya wagonjwa huwaendea wagonjwa. Mweka hazina akichukizwa na swali hilo, au akajibu kwamba yote ni familia moja, mshukuru kwa chai na usirudi.

Angalia pia ni nani amekaa chumbani. Klabu hizi zilianza kama vyama vya wanaume wenye biashara na taaluma. Ile ya kwanza ya Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris pamoja na wenzake watatu, na jina lake lilitokana na desturi ya kuzungusha vikao kutoka ofisi moja hadi nyingine. Wanawake waliunda vyao, Zonta mwaka 1919 na Soroptimist mwaka 1921, na milango ya Rotary haikufunguka Marekani mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 1987, baada ya klabu moja ya California kuwapokea wanawake na kunyang’anywa hati yake ya uanachama wa Rotary. Klabu ambayo hadi leo wanawake wake wanapewa kazi ya kupanga viti na kupokea wageni haijasoma historia yake.

Ukishajiunga, ushauri wangu ni uombe kazi isiyogombewa. Mimi niliomba ukatibu. Katika miaka miwili ya kuandika mihutasari nilifanya jambo moja ambalo bado najivunia: nilifungua daftari la miradi ya zamani. Kila ukurasa ulikuwa na mradi mmoja, jina la mtu wa kule tunayeweza kumpigia simu, tarehe ya mwisho tulipomtembelea, na hali tuliyoikuta. Kurasa za mwanzo zilitia huzuni kuzijaza. Wanachama wawili walikasirika waziwazi, mmoja akasema namfukulia makaburi. Lakini baada ya muda daftari likaanza kusomwa katika kila kikao cha kwanza cha mwezi, na jambo likishasomwa kwa sauti ni vigumu kulipita kimyakimya.

Kutokana na daftari hilo tulikubaliana mambo machache. Kila mradi mkubwa una kamati ya miaka mitatu, inayojumuisha rais wa sasa, aliyetoka na anayefuata, ili asitokee wa kusema hakuwepo. Sehemu ya kumi ya fedha za mradi haiguswi siku ya kukabidhi. Inatunzwa kwa matengenezo. Na hatuanzi chochote kabla ya wanachama wawili kwenda kusikiliza bila kuahidi kitu na bila kamera. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu aliyezoea kusaidia akinyamaza kwa saa moja huhisi anapoteza muda.

Kwa wanaovutiwa na kazi za kimataifa, mambo ni hayohayo, ila umbali unaongeza makosa. Mfuko wa Rotary, kwa mfano, hutoa ruzuku za kimataifa kwa miradi ya kuanzia dola 30,000 za Marekani, na unadai ziwepo klabu mbili, moja ya mahali pa mradi na moja ya nchi nyingine, pamoja na tathmini ya mahitaji iliyofanywa kwa kushirikiana na jamii husika. Nimesikia wengi wakilalamika kwamba fomu zake ni nyingi. Ni nyingi kweli. Lakini kila nilipojaza sehemu ya tathmini nilikumbuka ile stoo, nikaona kwamba ukurasa mmoja kama huo ungetuokoa na masanduku yote yale. Ikiwa klabu yako ndiyo iliyo mbali, waachie wenyeji uamuzi wa kununua nini na kwa nani. Ikiwa ndiyo iliyo karibu, kuwa na ujasiri wa kumwambia mfadhili kwamba anachotaka kutoa hakihitajiki.

Kuhusu muda na ada, sema ukweli mapema. Niliwahi kukubali kamati tatu kwa wakati mmoja na nikaziharibu zote, na nyumbani walikuwa wameanza kuniita mgeni rasmi. Kamati moja inatosha.

Mwaka jana nilitembelea klabu ambayo sikuijua, nikamwuliza swali langu mzee aliyekuwa akikunja vitambaa vya meza. Alifikiri kidogo. Akasema pampu waliyoifunga mwaka juzi ilikuwa imeharibika mara mbili, mara ya kwanza kwa uzembe wao, mara ya pili kwa mchanga, na kwamba Alhamisi angekwenda na fundi. Kama nina nafasi, gari lingeondoka saa moja asubuhi. Nilikwenda.