Kabla ya kuazima joho na meno, mtazame mumiani

Umeuliza utaandikaje hadithi ya mnyonya damu isiyonuka Ulaya. Badilisha sheria moja tu kati ya zile zinazomtawala mnyonya damu, kisha ishikilie mpaka mwisho. Sheria zenyewe hazikushuka mbinguni: Dracula, mnyonya damu wa riwaya ya Bram Stoker (1897), anatembea mchana, ila nguvu zinampungua; kuuawa na jua kulianza na filamu ya Nosferatu ya 1922. Wengi wanafuta masharti yote, wanabakiwa na kijana mtanashati asiyezeeka, na hofu inayeyuka.

Na kwetu mbona mnyonya damu yupo, mumiani? Enzi za mkoloni, Nairobi, Kampala, Dar, watu waliwaogopa wazimamoto, wakiamini wanakamata watu na kuwatoa damu: gari jekundu, shimo, damu ya kupeleka mahali. Mumiani huyu hana kiu. Anakusanya damu za watu kwa ajili ya mwajiri wake, itengenezwe dawa. Hapo ndipo penye utamu: mnyonyaji ni kibarua! Mpe sare, zamu ya usiku, chupa za kujaza kabla ya alfajiri, na bosi asiyeonekana. Kitunguu saumu, kinga ya hadithi za Ulaya, kitamfanya nini mtu aliyetumwa kazini? Anza naye mlangoni, saa nane usiku, akibisha hodi kwa adabu.