Miaka tisa na kadi za pointi: faida zilizonilipa zaidi hazimo kwenye pointi

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuendelea kulipa ada ya mwaka ya kadi yako ya mkopo, maana umepiga hesabu ukaona pointi za zawadi ulizokusanya kwa kuitumia mwaka mzima, ukizigeuza pesa, hazifikii hiyo ada. Kwa upande wa pointi hesabu yako ni sahihi. Ila umehesabu kitu kimoja tu, na kwa uzoefu wangu wa miaka tisa, hicho ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote. Pesa nyingi zaidi nilizowahi kuokoa kwa kadi zilitoka kwenye kijitabu cha masharti, kile ambacho watu wengi hukitupa pamoja na bahasha.

Kabla sijaendelea, kuna jambo nitalisema mara moja tu. Haya yote yana maana kwa mtu anayelipa deni lote la kadi kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho. Ukibakiza deni, riba ya miezi michache inameza pointi za mwaka mzima na hizo faida nyingine juu yake. Na kadi ya mkopo usiitumie kutoa pesa taslimu kwenye ATM: kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, na ada ya kutoa unakatwa pia.

Nilijifunza haya kwa kompyuta mpakato iliyozimika mwezi wa 14. Waranti ya mtengenezaji ilikuwa ya miezi 12, na dukani waliniambia ninunue nyingine. Nikakumbuka kwamba niliilipia kwa kadi. Nikafungua kijitabu, na kweli kulikuwa na kipengele cha kurefusha waranti: kadi za namna hii huongeza mwaka mmoja juu ya waranti ya mtengenezaji, mradi hiyo ya awali isizidi miaka mitatu. Walichotaka ni risiti, taarifa ya akaunti inayoonyesha muamala, nakala ya waranti, na maandishi ya fundi yanayoeleza kilichoharibika na gharama ya matengenezo. Risiti yenyewe ilikuwa ya karatasi ile inayofifia na ilishakuwa nyeupe kabisa. Kilichoniokoa ni picha niliyoipiga siku ya kununua. Wiki tano baadaye gharama yote ya matengenezo ilirudi kwenye akaunti yangu. Tangu siku hiyo kila kitu cha umeme ninachonunua napiga picha risiti na karatasi ya waranti kabla sijafungua boksi.

Ndugu ya faida hiyo ni kinga ya ununuzi. Kitu kikiibwa au kikivunjika ndani ya siku 90 au 120 tangu ukinunue, kadi inalipa. Hapa usiwe na matumaini makubwa mno, kwa sababu kuna mambo mengi yaliyotengwa. Kitu kilichopotea bila wewe kujua kilipotelea wapi kwa kawaida hakilipwi, na kilichoachwa peke yake mahali pa wazi pia ni vigumu. Ukiibiwa, nenda polisi upesi, kwa sababu bila taarifa ya polisi dai lako halina mguu wa kusimamia.

Safari ndiko tofauti inakoonekana waziwazi. Niliwahi kusafiri na mdogo wangu, ndege moja, viti vya jirani. Yeye alilipia tiketi yake kwa kadi ya kawaida ya benki (ile inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti), mimi kwa kadi ya mkopo. Ndege ya kuunganisha ikaahirishwa hadi asubuhi, tukalala hoteli moja, tukala meza moja. Mimi nililipwa chumba na chakula kwa sababu kadi yangu ina fidia ya kuchelewa kwa safari, inayoanza kuhesabika baada ya saa 6 (kadi nyingine ni saa 12). Yeye hakupata kitu. Fidia hii inafuata tiketi iliyolipiwa kwa kadi, haifuati kwamba una kadi mfukoni. Kabla hatujaondoka uwanjani nilikwenda kwa wahudumu wa shirika la ndege nikaomba barua yenye sababu ya kuchelewa na muda wake. Iombe palepale. Ukishafika nyumbani, kuipata ni kuhangaika kwa barua pepe wiki nzima.

Mara nyingine mzigo ndio uliochelewa, begi likanifikia siku mbili baadaye. Kosa ambalo abiria wengi hufanya ni kutoka uwanjani kwa hasira bila kuandikisha. Usivuke mlango kabla hujajaza ripoti ya mzigo uliokosekana na kupewa nambari yake, kwa sababu shirika la ndege na bima ya kadi wote wataanza kwa kuiuliza hiyo nambari. Nilinunua nguo za kubadilisha na vitu vya kuogea, nikatunza risiti, kadi ikalipa. Fahamu pia kwamba kwa safari za kimataifa una haki nje ya kadi kabisa: Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaliwajibisha shirika la ndege kwa mzigo uliochelewa, kupotea au kuharibika, lakini malalamiko ya mzigo uliochelewa lazima yaandikwe ndani ya siku 21 tangu uupokee, na ya ulioharibika ndani ya siku 7. Huwezi kulipwa mara mbili kwa risiti ileile. Unachoweza ni kudai kwa shirika kwanza, kisha kile walichokataa ukipeleke kwenye kadi.

Sasa gari la kukodi. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo penye pesa nyingi na ndipo watu hukosea. Ukifika kaunta, karani atakuuzia kinga ya uharibifu wa gari kwa bei ya kila siku. Kadi nyingi za pointi tayari zina kinga hiyo, kwa masharti yanayofanana: malipo yote ya kukodi yapite kwenye kadi hiyo, jina lako liwe la dereva mkuu kwenye mkataba, uikatae kinga ya kaunta (ukiikubali, ya kadi haifanyi kazi), na muda wa kukodi usizidi idadi ya siku iliyowekwa, mara nyingi 15 au 31. Magari ya kifahari, malori na pikipiki kwa kawaida hayamo, na kuna kadi zinazotaja nchi ambako kinga haifiki. Halafu angalia kama kadi yako inalipa ya kwanza au ya pili. Inayolipa ya kwanza inabeba gharama bila kuigusa bima ya gari lako la nyumbani. Inayolipa ya pili inasubiri bima yako ilipe, yenyewe inamalizia kilichobaki, na huenda bima yako ikapanda mwaka unaofuata kwa sababu ya dai hilo.

Kubwa kuliko yote: kinga hii ni ya gari ulilokodi peke yake. Ukimjeruhi mtu au ukiharibu gari la mwingine, kadi haihusiki hata kidogo. Bima ya madhara kwa wengine lazima uipate kwa njia nyingine, na hapo usibane matumizi.

Mimi yalinikuta kwenye maegesho. Nilirudi nikakuta mlango umekwaruzwa na aliyefanya hivyo ameshaondoka. Wiki tatu baada ya kurudisha gari nikaletewa ankara: matengenezo, ada ya kushughulikia, na malipo ya siku ambazo gari halikuweza kukodishwa. Bima ya kadi ilikubali matengenezo haraka, kwa kuwa nilikuwa na video niliyoipiga nikilizunguka gari wakati wa kulichukua na nyingine wakati wa kulirudisha. Zile siku za gari kukaa bure zilileta mvutano. Bima ilitaka kumbukumbu za kampuni kuonyesha kwamba kweli walikosa gari la kumpa mteja kwa siku hizo, na kampuni ikakataa kuzitoa. Niliiandikia kampuni barua pepe nne, kila mara nikirudia ombi lilelile kwa upole na kunukuu masharti ya bima. Mwishowe waliifuta sehemu hiyo ya ankara. Ningelipa ile ankara yote siku ya kwanza kwa kuogopa, nisingerudishiwa kirahisi. Kwa hiyo ukiletewa ankara ya namna hii, ifahamishe kadi kwanza, tena upesi, maana madai yana siku zake na zikipita hakuna wa kumbembeleza.

Faida ambayo watu hawaioni kama faida ni haki ya kupinga muamala. Umelipia kitu hakikufika, au muuzaji amefunga biashara: unaiandikia benki iliyokupa kadi, na benki inakwenda kuidai pesa kutoka benki ya muuzaji kwa kanuni za mtandao wa kadi (Visa, Mastercard na wenzao). Baadhi ya nchi zimeiweka katika sheria kabisa. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000, hata kama kwa kadi ulilipa kianzio tu. Marekani nako sheria imeweka kikomo cha dola 50 kwa hasara ya mteja pale kadi ya mkopo inapotumiwa bila idhini yake. Kadi ya kawaida ya benki ina ulinzi wake, lakini pesa iliyoondoka ni yako na wewe ndiye unayesubiri irudi. Kwa kadi ya mkopo, mzozo unaendelea huku mshahara wako umelala salama. Ndiyo maana hata hoteli na gari la kukodi, wanapozuia kiasi fulani kama dhamana, napenda kiwe ni kikomo cha mkopo kilichozuiwa na siyo pesa yangu ya matumizi.

Ukitumia kadi ugenini, kuna makato mawili ya kuyatazama. La kwanza ni ada ya muamala wa fedha za kigeni, ambayo kwa kadi nyingi huwa karibu asilimia 3. Kadi nyingi za safari zimeifuta, na kwa msafiri hilo peke yake linaweza kurudisha ada ya mwaka. La pili ni pale mashine inapokuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi uliyopo. Chagua ya nchi uliyopo, kila mara. Ukichagua ya nyumbani, kiwango cha kubadilishia kinapangwa upande wa muuzaji, na sijawahi kukiona kikiwa kizuri kuliko cha mtandao wa kadi.

Zipo faida zinazopambwa kuliko zinavyostahili. Kumbi za kupumzikia viwanja vya ndege ni nzuri kwa anayesafiri kila mwezi. Kwa anayesafiri mara mbili kwa mwaka, usizihesabu kwa bei wanayoitangaza, zihesabu kwa kile ambacho ungetumia kweli kwa chakula na kinywaji. Tena nyingi zinataka ujiandikishe mapema, kadi pekee mlangoni haitoshi. Kurudishiwa tofauti pale bei inaposhuka baada ya kununua kulikuwa kitu kizuri sana, lakini kadi nyingi zimekiondoa: kwa watoa kadi wa Marekani, Discover walikifuta mwaka 2018, Citi nao mwaka 2019. Ndiyo sababu ushauri wa zamani unaouona mtandaoni uupime kwa kijitabu cha mwaka huu.

Pia usishangae kuona kadi za nchi moja zina ukarimu na za nyingine hazina. Pointi na bima hizi zinagharimiwa kwa sehemu kubwa na kile muuzaji anachokatwa kila unapochanja kadi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ya benki kwenye kadi za mkopo za wateja mwaka 2015, na zawadi huko zikapungua.

Kuhusu ada yako, mkuu, usifunge kadi bado. Piga simu benki kabla ada haijakatwa, waambie unafikiria kuiacha, uliza wana nini cha kukupa. Mimi niliwahi kusamehewa ada ya mwaka mzima kwa simu ya dakika kumi. Mwaka mwingine walikataa, nikaomba kuhamishiwa kadi isiyo na ada ndani ya benki hiyohiyo. Akaunti ikabaki ileile na umri wake, pointi hazikupotea. Kuifunga moja kwa moja kungeweza kunifutia pointi zote, kwa hiyo uliza hilo waziwazi kabla hujakubali chochote.

Kwa sasa omba kijitabu cha faida cha kadi yako, chenye tarehe ya mwaka huu, wakutumie kwa barua pepe. Tafuta waranti, kuchelewa kwa safari, na gari la kukodi. Kisha rudi hapa utuambie safari lazima ichelewe kwa saa ngapi ndipo walipe, na kama kwenye gari wanalipa wa kwanza au wa pili, tuipige hesabu ya ada upya.