Maswali yenu: Kilichowafanya Wamarekani wamwasi Mfalme George

Safari hii nimekusanya maswali yanayohusu jambo moja: makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika Kaskazini, yaliyomwasi Mfalme George wa Tatu na kujitangazia uhuru Julai 1776.

Shuleni tuliambiwa waliasi kwa sababu kodi zilikuwa kubwa mno. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Mlowezi wa Massachusetts alilipa kodi kidogo kuliko Mwingereza aliyekaa London. Tena ukifuatilia utaona ajabu: ghadhabu ilipanda hata pale mzigo uliposhushwa.

Chukua molasi, iliyotumika kutengenezea pombe ya ramu. Sheria ya mwaka 1733 ilitaka peni 6 kwa kila galoni iliyotoka visiwa vya wageni, hasa vya Wafaransa. Walioilipa walikuwa wachache mno. Mzigo ulipita kwa magendo, na ofisa wa forodha akapewa chake. Mwaka 1764 Bunge la Uingereza likashusha ushuru hadi peni 3, lakini likaazimia kwamba sasa utalipwa kweli. Meli za kivita zikatumwa kukamata magendo, na kesi zikaweza kupelekwa mahakama za bahari, ambako jaji huamua peke yake bila jopo la raia. Peni 3 za kulipwa ziliuma kuliko peni 6 za kwenye karatasi.

Kwa nini wabanwe ghafla wakati huo? (Msomaji, Eldoret)

Vita. Ile Vita ya Miaka Saba dhidi ya Ufaransa iliisha 1763, Uingereza ikashinda na kubaki na deni lililokuwa limekaribia kuongezeka maradufu. London ikaona ni haki walowezi wachangie gharama za jeshi linalowalinda. Walowezi nao wakauliza: Mfaransa ameshaondolewa Kanada, jeshi hili linamlinda nani dhidi ya nani?

Kuna na suala la ardhi, ambalo naona halipewi uzito wake. Mwaka huohuo wa 1763 mfalme alipiga marufuku walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia, ili kuepusha vita zaidi na wenyeji asilia. Wakubwa wa Virginia, George Washington akiwamo, walikuwa wanaimezea mate ardhi hiyo.

Hiyo kodi ya stempu ilikuwa kitu gani?

Mwaka 1765 Bunge liliamuru magazeti, mikataba, hati za mahakama, leseni, hata karata na dadu, viwe na stempu ya kulipia. Kosa lake la kisiasa ni kwamba iliwagusa kwa mpigo mawakili, wachapishaji na wenye vilabu vya pombe, watu ambao hawanyamazi. Huko Boston, mwezi Agosti, umati ulitundika mtini sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu, kisha ukavamia nyumba yake. Akajiuzulu. Machi 1766 sheria ikafutwa, na siku hiyohiyo Bunge likapitisha nyingine ikisema lina haki ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipolala: nani ana haki ya kuamua, wakati makoloni hayana hata mbunge mmoja London?

Kama chai ilishuka bei, mbona waliimwaga? (Msomaji, Zanzibar)

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa na madeni, na maghala yake London yamefurika chai. Sheria ya mwaka 1773 ikairuhusu iuze Amerika moja kwa moja kupitia mawakala wake, kwa bei iliyoweza kushinda hata chai ya magendo ya Waholanzi. Lakini ule ushuru wa peni 3 kwa ratili uliowekwa 1767 ulibaki palepale. Ukinunua chai rahisi, umekubali kutozwa. Na tusijifanye wote walikuwa watu wa misimamo: wafanyabiashara walioachwa nje ya mpango huo, na wenye magendo, walikuwa na mifuko yao ya kutetea.

Usiku wa Desemba 16, 1773, wanaume waliojigeuza sura kuwa Wamohawk, kabila la wenyeji asilia, walipanda meli tatu bandarini Boston na kumwaga makasha 342. Maji yalikuwa yamekupwa, chai ikarundikana kando ya meli. Mmoja aliyenaswa akijijazia chai kwenye koti lake alipokonywa na kutiwa adabu na wenzake.

Bunge likajibu kwa kuifunga bandari yote hadi chai ilipwe, na kuipunguzia Massachusetts madaraka ya kujitawala. Makoloni mengine, ambako wengi hawakuupenda uharibifu ule, yakajiuliza zamu yao ni lini. Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia. Aprili 1775 risasi za kwanza za vita zikalia Lexington, mji wa Massachusetts.

Kodi zilipitishwa na Bunge. Mbona lawama kwa mfalme?

Kwa muda mrefu walimwona mfalme kama mzee wa kukimbilia. Hata baada ya damu kumwagika, Julai 1775, walimwandikia ombi la suluhu. Alikataa kulipokea, akawatangaza waasi, kisha akakodi askari wa Kijerumani. Januari 1776 mwandishi Thomas Paine akachapisha kijitabu kilichoushambulia ufalme wenyewe. Na kisheria, kwa kuwa walishadai Bunge halina mamlaka juu yao, kamba iliyobaki kukatwa ilikuwa ya mfalme.

Watumwa walikuwa upande gani? (Msomaji, Mombasa)

Upande uliowaahidi uhuru. Karibu mtu mmoja kati ya watano katika makoloni hayo alikuwa mtumwa. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliahidi kuwaacha huru watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, na hilo likawasukuma mabwana wengi upande wa uasi. Harry Washington, aliyezaliwa Afrika Magharibi na kumilikiwa na George Washington, alitoroka akajiunga na Waingereza. Baada ya vita alipelekwa Nova Scotia, iliyoko Kanada ya leo, kisha Sierra Leone mwaka 1792. Huko kampuni iliyotawala ikawadai walowezi kodi ya ardhi, na mwaka 1800 Harry akawa miongoni mwa walioasi. Alifukuzwa Freetown.

Jamaica nayo ilikuwa koloni. Mbona haikuasi?

Baraza lake lilimwandikia mfalme Desemba 1774 likiunga mkono malalamiko ya wenzao wa bara. Ila likakiri kwamba wazungu ni wachache mno kisiwani, wamezungukwa na watumwa zaidi ya 200,000, hivyo hawawezi hata kufikiria kupigana na Uingereza. Jeshi la mfalme walikuwa wanalihitaji.