Fundi, Theluji Iko Wapi? Majibu ya Skii za Kutengeneza Nyumbani

Desemba ya mwaka juzi mpwa wangu anayefanya kazi Austria alikuja Marangu kula sikukuu, na kwenye begi refu alikuwa na skii moja, ule ubao mrefu wa kufunga mguuni na kutelezea kwenye theluji, iliyobanduka ambayo wenzake walitaka kuitupa. Tukaipasua kwa msumeno. Ndani hatukukuta maajabu: mbao, faiba (kile kitambaa cha nyuzi za kioo) na gundi, vitu nilivyovishika tangu nikiwa saidia fundi. Mwaka uliofuata akarudi na vile visivyopatikana hapa, tukatengeneza jozi nzima kwenye banda langu la useremala, Moshi. Tangu nilipoisimulia hapa, simu haipumziki. Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi.

*Shikamoo fundi. Theluji sisi tunaiona kwa macho tu, kule Kibo. Hizo skii utazitelezea wapi? (Msomaji, Himo)*

Marahaba. Hapa hapana. Kibo ni mita 5,895, barafu iko juu huko, na mlima ni hifadhi ya taifa yenye taratibu zake. Usijitwishe mbao zako ukaenda getini ukidhani utapitishwa. Isitoshe, barafu hiyo inaisha. Kipande kimoja pale kileleni kinaitwa Furtwängler, jina la Mjerumani aliyefika huko mwaka 1912, na alichokikanyaga yeye na kinachoonekana leo ni vitu viwili.

Ila Afrika haijakosa pa kuteleza. Kuna Oukaïmeden kwenye milima ya Atlas, Morocco, na Afriski kule Lesotho, ambako baridi ni kuanzia Juni hadi Agosti. Na jirani yetu Mkenya, Philip Boit, alishindana mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, akamngoja mstarini amkumbatie. Kwa hiyo swali la theluji iko wapi wengine walishalijibu. Jozi yangu mimi ilipanda ndege na mpwa wangu.

*Nina mgrevilea mkubwa shambani, umekauka. Nipasue ubao mmoja mpana niuchonge skii? Au nitafute mninga? (Machame)*

Pasua, lakini usichonge ubao mmoja. Zamani ndivyo walivyofanya, skii ilikuwa ubao mzima uliopindwa ncha kwa mvuke, nao ukipasuka umepasuka. Siku hizi kinachobeba nguvu ni faiba iliyo juu na chini, na mbao ya katikati, ninayoiita kiini, kazi yake kubwa ni kuzitenganisha faiba hizo mbili zisikaribiane. Fikiria chapati mbili na nyama katikati; ukikunja, chapati ya nje inavutwa na ya ndani inabanwa.

Kwa hiyo kiini nakitengeneza kwa vipande vyembamba vya upana wa sentimita moja na kitu, navigeuza nyuzi zisielekee upande mmoja, nabandika vikiwa vimesimama. Hapo ubao hauna nafasi ya kujipinda. Wenzetu Ulaya hupenda popla na ashi. Mimi nilitumia saipresi kwa sababu ni nyepesi, nikachanganya na mgrevilea katikati, pale buti linapokaa, maana skrubu zinahitaji mbao ya kuzishika. Saipresi yetu ina vifundo vingi. Kila penye kifundo nilikata nikatupa, na nilitupa karibu nusu. Mninga usiupoteze huku, tengeneza kitanda. Mbao ya loliondo ni nzito mno, mtu atabeba mlima mwingine miguuni.

Mgrevilea wako kukauka shambani hakutoshi. Upasue, upange na vijiti katikati upitishe hewa kivulini, upime mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 8 au 10. Kisha randa. Na hapa ndipo penye kazi yenyewe: kiini kinakuwa na milimita 11 hivi katikati, kinapungua polepole hadi 2 kwenye ncha na mkia. Milimita moja ni kitu kikubwa. Ubao mtupu wa milimita 11 ni mgumu kupinda kuliko wa milimita 10 kwa theluthi nzima, kwa sababu ugumu unakwenda kwa unene mara unene mara unene. Ukiwa na faiba tofauti inapungua, lakini haiishi. Ukiranda wa kushoto asubuhi na wa kulia jioni umechoka, mtu atateleza akizunguka kama mbuzi aliyefungwa.

*Sina mashine ya kukandamizia. Klampu kumi na mawe hazitoshi? (Kwa Mrombo, Arusha)*

Nilijaribu. Klampu kumi na nne, nikazifunga mpaka mikono ikauma. Kesho yake nikagonga kwa kifundo cha kidole kutoka ncha hadi mkia: penye klampu inalia *ko*, katikati ya klampu inalia *po*. Hiyo *po* ni hewa, na penye hewa patabanduka siku ya kwanza. Ile ilikuwa skii ya majaribio, sasa inashikilia mlango wa banda.

Kinachotakiwa ni mgandamizo sawa kila mahali. Njia inayotumiwa na mafundi wengi wa nyumbani ni mpira wa zimamoto: unaulaza juu ya skii, skii iko ndani ya kalibu ya mbao yenye umbo lake, na vyote viko kati ya boriti za chuma zilizofungwa imara. Unazibana ncha za mpira, unajaza upepo. Sasa piga hesabu kabla hujajaza. Skii ya sentimita 180 kwa 11 ina eneo la sentimita za mraba 1,980. Geji ikisoma PSI 40, yaani upepo wa tairi tu, kila sentimita ya mraba inabeba karibu kilo 2.8. Zidisha. Ni tani tano na nusu zinazotaka kuzitenganisha boriti zako! Kwa hiyo fremu hiyo achomelee fundi anayejua, chuma kiwe cha kazi na si cha dirisha, na jaribio la kwanza jaza maji badala ya upepo, kwa sababu maji yakipasua mpira yanamwagika tu. Upepo ukipasua unarusha.

Njia nyepesi ni kunyonya hewa. Unafunika kila kitu kwa nailoni, unaziba pembeni, unanyonya kwa kompresa ya friji kuukuu. Mafundi friji wa mjini wanajua kuigeuza. Hapo anayekandamiza ni hewa ya dunia, na haizidi tani mbili na kidogo hata ukiwa Tanga ufukweni. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, inapungua kidogo. Inatosha kama kiini chako kimenyooka vizuri. Umeme ukikatika ukiwa katikati, kama ulivyonikatikia mimi, nailoni inaanza kulegea huku gundi bado mbichi. Weka valvu ya kuzuia hewa isirudi, au ombea.

*Gundi nyeupe ya mbao inafaa? Na ile plastiki ya chini, siwezi kukata ndoo? (Pasua, Moshi)*

Gundi nyeupe inafaa kubandika vipande vya kiini. Kwa faiba ni epoksi, gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, na si ile rezini ya bei poa inayozibia matangi, haishiki vizuri kwenye mbao. Epoksi ina tabia ya kupata moto yenyewe. Nilikoroga karibu nusu kilo kwenye kopo, Februari, jua la saa saba, nikapigiwa simu nikapokea. Niliporudi kopo lilikuwa linatoa moshi na gundi imekuwa jiwe. Koroga kidogo kidogo, imwage mara moja kwenye sinia pana, na simu mpe mtoto. Vaa glavu na fungua madirisha.

Ndoo hapana. Plastiki ya skii ni ya ukoo mmoja na ya madumu, polithini, lakini minyororo ya molekuli zake ni mirefu mno, ndiyo maana hailiwi na mawe upesi. Unene wake ni kama milimita 1.2. Hiyo na kingo za chuma zinazokaa pembeni mwake utaagiza nje, ulipe na ushuru. Tatizo la polithini ni kwamba haikubali gundi, ndiyo sababu dumu la asali hutoka safi ukilisuuza. Dawa ni moto: upande wa kubandika unaupitishia mwali wa buluu haraka, bila kusimama, usiuyeyushe. Jaribu kwa maji. Kabla ya moto yanakusanyika matone kama kwenye jani la mgomba; baada ya moto yanatandaza. Yakitandaza, bandika siku hiyohiyo.

*Vifungio vya buti nataka rafiki yangu wa gereji anichomelee. (Sakina, Arusha)*

Usifanye. Kifungio cha kisasa kimepimwa kiachie buti pale mguu unapotaka kuvunjika, na kinarekebishwa kwa uzito, urefu na umri wa mtu na hata urefu wa soli. Cha gereji hakitaachia. Nunua, hata kilichotumika ilimradi kimekaguliwa. Kazi yako ni matundu: kina cha milimita 9, na tone la epoksi kabla ya skrubu, maji yasiingie kwenye mbao.

*Nitajuaje kama mbili zimefanana? (Usa River)*

Egemeza skii juu ya farasi wawili wa useremala, zile stendi za kulazia mbao, ning'iniza ndoo ya lita 20 ya maji katikati, pima imeshuka milimita ngapi. Rudia kwa ya pili. Zangu zilitofautiana milimita 3, nikapiga msasa ile ngumu? La, faiba ilishafunikwa, huwezi tena. Nikatengeneza ya tatu, ikalingana na ya pili.

*Nta ya skii inauzwa wapi? (Njiro)*

Kwa kuanzia, mshumaa mweupe. Nta nyingi za skii msingi wake ni parafini hiyohiyo. Unaiyeyusha juu ya plastiki kwa pasi, unaacha ipoe, unakwangua iliyozidi kwa kipande cha plastiki ngumu. Pasi ya mkaa inafaa ila haina kipimo cha joto, na plastiki yenyewe huyeyuka ikikaribia nyuzi 135, kwa hiyo pasi isisimame, na ukiona moshi toa mkaa. Iwe pasi ya karakana. Mimi niliazima ya nyumbani, na shati la shule la kijana lilikwenda na doa la mshumaa mgongoni Jumatatu.