Maji ya ziwa hayafai kwa samaki wa bahari

Ndugu wa Nyegezi, umeuliza kama maji ya ziwa yakitiwa chumvi ya jikoni yatafaa kwa tangi la lita 20 la samaki wa bahari. Hayafai. Yana mwani na vijidudu, na chumvi hiyo haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Lita 20 nazo huchafuka upesi. Anza na 80.

Chukua maji ya bomba yaliyoondolewa klorini, changanya kwenye ndoo na chumvi maalumu ya akwaria, takriban gramu 35 kwa lita, pampu ikizungusha usiku kucha. Uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi usome 1.025, joto nyuzi 25 au 26.

Panga tangini mawe yenye vitundu, makazi ya bakteria wanaoondoa sumu ya uchafu wa samaki, tia amonia kidogo ya kuwalisha, kisha subira: wiki 4 hadi 6, mpaka amonia na nitraiti (sumu inayotokana na amonia) zisome sifuri. Wengi huulia samaki hapa. Maji yanang'aa, kumbe bakteria bado hawajatosha.

Maji yakipungua kwa mvuke ongeza yasiyo na chumvi, maana chumvi hubaki. Ile nyeupe inayoganda ukingoni mwa kioo ifute. Samaki wawili wadogo wanatosha. Na umeme ukikatika? Pampu ya hewa ya betri, inunue kabla ya samaki.