Mshipa mweupe kwenye mwamba: usiamini rangi, toa kisu

Ukiona mchirizi mweupe umekata jiwe la kijivu, wengi watakuambia papo hapo ni kwatsi, yale madini magumu yanayofanana na kioo. Mara nyingi huwa kweli. Lakini kalsaiti, madini laini yanayounda jiwe la chokaa, nayo hujaza nyufa za miamba vilevile, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha kila mara. Mimi rangi siitegemei kabisa. Kutu ya chuma huipaka mishipa yote miwili manjano au wekundu, nawe ukabaki pale pale.

Vaa miwani ya kukinga macho, kisha vunja kipande upate uso mpya. Vipande vya kwatsi hukata kama wembe, kwa hiyo usivibane mkononi ovyo. Sasa kwaruza kwa ncha ya kisu. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kalsaiti ina ugumu wa 3, chuma cha kisu hukaribia 5.5, na kwatsi ni 7. Kalsaiti itachimbika na kutoa unga mweupe. Kwatsi itakishinda kisu.

Hapa ndipo nimeona watu wengi wakipotea. Kisu kikipita juu ya kwatsi huacha alama ya kijivu inayong'aa, na mtu hudhani jiwe limekwaruzika. La hasha, kilicholika ni chuma. Futa alama hiyo kwa kidole kilicholowa, kisha pitisha ukucha. Usipohisi mfereji, jiwe halijaguswa. Jaribu na kinyume chake: ncha ya kwatsi hukwaruza kioo bila taabu.

Tazama pia lilivyovunjika. Kwatsi haina tabaka za kupasukia, hivyo hupasuka kwa mikunjo kama ya kioo. Kalsaiti hupasuka kwa nyuso bapa zinazoelekea pande tatu, na vipande vyake huwa visanduku vilivyolalia upande.

Ukiwa na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, tone moja litatoa povu kali juu ya kalsaiti. Siki nayo hufaa, ila povu lake ni hafifu. Dondoshea kwenye mshipa wenyewe, maana jiwe la chokaa linaloubeba linaweza kutoa povu huku mshipa ukiwa kwatsi. Povu likiwa dogo mno na jiwe linakwaruzika, lisage kidogo ujaribu tena: dolomaiti, madini ya jamii ya kalsaiti, huchemka vizuri ikiwa unga.

Yapo na madini mengine meupe ya kukuchanganya. Jasi hukwaruzika hata kwa ukucha, na baraiti utaijua kwa uzito wake usio wa kawaida. Inayosumbua zaidi ni feldspari. Ugumu wake ni 6, hivyo nayo hukishinda kisu. Igeuze juani: ikimetameta kwa nyuso bapa zinazokutana karibu na pembe mraba, hiyo si kwatsi.

Tena jaribu sehemu zaidi ya moja. Mshipa mmoja unaweza kuwa kwatsi kingoni na kalsaiti katikati, na daftari lako linapaswa kuandika zote mbili.