Muulize kaka yako leo, usingoje

Dada, unasema kaka yako mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, aliyewahi kulinda amani Kongo, halali usiku, amegawa saa na redio yake, na juzi alisema "karibuni mtapumzika na shida zangu". Unaogopa ukimuuliza kuhusu kujiua utamtia wazo. Hutamtia. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuwa kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumchochei. Wengi hupata nafuu kwa kupata wa kumwambia.

Kaa naye pembeni, bila watoto, umuulize: "Kaka, unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie "jikaze, wewe si mwanajeshi?" Kujikaza ndiko alikofundishwa miaka yote, na huenda ndiko kunamfanya asiseme.

Akikubali, muulize pia kama ameshapanga namna na lini. Kama amepanga, usimwache peke yake hata nusu saa, pokezaneni. Silaha, dawa na sumu zitoke nyumbani kabisa, zisifichwe tu kabatini.

Kutoka kwenu Gongo la Mboto, Dar es Salaam, hospitali ya Amana haiko mbali. Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili, na Lugalo ni hospitali ya jeshi, huenda huko akajisikia yuko kwao. Hali ikichacha, nendeni dharura usiku huohuo, au piga 112.

Mtafute pia mwenzake wa kikosi anayemwamini. Shehe au mchungaji aje, sawa, lakini asichukue nafasi ya daktari. (Na wewe ulale, shemeji ashike zamu.)